Kichina hakisomwi kwa Kiingereza

Septemba 2014, Rais Xi Jinping wa China akiwa ziarani India, msomaji wa taarifa ya usiku katika televisheni ya taifa ya nchi hiyo, Doordarshan, alifika kwenye jina la mgeni na kulisoma "Eleven Jinping". Aliona X na I zimesimama pamoja, akadhani ni namba ya Kirumi, kama zile zinazofuata majina ya mapapa na wafalme. Akapoteza kazi. Kisa kilizunguka dunia na watu wakacheka, lakini nadhani aliadhibiwa peke yake kwa kosa la wengi. Watangazaji wa Kiingereza husoma jina hilohilo "Zi", wengine "Eksi", na hakuna anayewafukuza. Wote wamejikwaa pale pale: kudhani kwamba herufi za Kilatini, popote zilipoandikwa, zinatii kanuni za Kiingereza.

Mfumo wa kuandika Kichina sanifu, yaani Kimandarini, kwa herufi hizo unaitwa Pinyin, na uliundwa na Wachina kwa ajili ya Wachina. Bunge la Umma la China liliupitisha Februari 1958, baada ya miaka kadhaa ya kazi ya kamati ambayo mjumbe wake maarufu zaidi ni Zhou Youguang. Zhou hakuwa mtaalamu wa lugha kwa kusomea. Alikuwa mchumi, aliwahi kufanya kazi ya benki New York, akarudi kwao baada ya mapinduzi ya 1949, na alifariki Januari 2017 akiwa na umri wa miaka 111. Shabaha yao ilikuwa kuwasaidia watoto wa shule na mamilioni ya watu wazima wasiojua kusoma wajifunze matamshi ya Kimandarini. Mbele yao palikuwa na herufi 26 na sauti za lugha yao, wakazigawia herufi kazi. Q haikuwa na kazi, wakaipa sauti. X nayo wakaipa yake. Mwingereza atasomaje? Hilo halikuwa swali lao, na halikupaswa kuwa.

Kiswahili kilifanya vivyo hivyo kilipoacha hati ya Kiarabu na kushika herufi za Kilatini. Tukaitupa q, tukaitupa x, c tukaibakiza iwe mtumwa wa h, na ng' tukaivisha kistari cha juu ili isichanganywe na ng ya ngoma. Hakuna Mswahili anayejiuliza Mwingereza atalisomaje neno "ng'ombe". Heshima hiyo tunayojipa sisi wenyewe ndiyo ninayotaka tuipe Pinyin, maana kwa sasa majina mengi ya Kichina yanatufikia yakiwa yameshapita kwenye mdomo wa Kiingereza, nasi tunayapokea na makovu yake.

Makovu mengine ni ya zamani kuliko Pinyin. Kabla yake Waingereza walikuwa na mfumo wao, ulioanzishwa na mwanadiplomasia Thomas Wade katika karne ya 19 na kukamilishwa na Herbert Giles katika kamusi yake ya 1892. Juni 1965, Waziri Mkuu wa China alipozuru Tanzania, magazeti ya Kiingereza yalimwandika Chou En-lai. Leo ni Zhou Enlai. Kijana anayesoma historia anaweza kudhani hao ni watu wawili. Zanzibar kuna uwanja unaoitwa Mao Tse-tung mpaka leo, ilhali vitabu vipya vinamwandika Mao Zedong. Shirika la habari la Xinhua lilipohamia Pinyin katika taarifa zake za lugha za kigeni mwaka 1979, Peking ikageuka Beijing kwenye kurasa za magazeti ya nje, ingawa wakazi wa mji wenyewe hawakubadilisha matamshi hata kidogo.

Na hiyo Beijing inaonyesha jambo la ajabu kuhusu wasemaji wa Kiingereza. Lugha yao ina sauti inayokaribiana kabisa na j ya Kichina, lakini wengi wao wanaikwepa na kutamka j laini ya Kifaransa, ile ya "bonjour". Hawakosei kwa uvivu. Wanakosea kwa kujitahidi: neno ni la kigeni, basi wanalitafutia sauti inayosikika kigeni. Mswahili anayesoma Beijing kwa j ya "jina" yuko karibu zaidi na Mchina kuliko mtangazaji wa London anayejitahidi, na inasikitisha kumsikia mtangazaji wetu wa Kiswahili akiiga ile j ya Kifaransa kwa kudhani ndiyo ya kisomi.

Jina hilo lina maana, na hapa ndipo raha ilipo kwa mwenye kupenda ramani. Bei ni kaskazini, jing ni mji mkuu. Nan ni kusini, kwa hiyo Nanjing ni mji mkuu wa kusini, na kweli uliwahi kuwa makao ya serikali mara kadhaa. Ukiongeza dong, mashariki, na xi, magharibi, majimbo yanaanza kusema yenyewe. Shandong ni mashariki ya milima, Shanxi ni magharibi ya milima. Hebei na Henan ni kaskazini na kusini ya mto, na mto wenyewe ni Huang He, Mto Manjano. Hubei na Hunan ni kaskazini na kusini ya ziwa. Shanghai imeundwa kwa shang, juu, na hai, bahari. Lakini jirani wa Shanxi ni jimbo jingine linaloandikwa Shaanxi, lenye mji wa Xi'an na yale majeshi ya sanamu za udongo. Wageni husoma aa hiyo kwa kuivuta, wakidhani ni irabu ndefu, kumbe kwa Kichina majina haya mawili yanatofautiana kwa toni tu, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka katika silabi. Kwa kuwa ramani huandikwa bila alama za toni, iliongezwa a ya pili ili majimbo yasichanganyike.

Huang He yenyewe ni mtego. Msemaji wa Kiingereza akiona "He" anasoma neno lake la "yeye", kama vile akiona You, Sun, Can, Men au Long, macho yake yanakimbilia maneno anayoyajua tangu utotoni. Sisi hatuna mzigo huo, lakini tuna mwingine. E ya Pinyin katika "he" na "Deng" si e ya "pete". Ni sauti ya midomo iliyolegea, imekaa mahali kati ya a na o, na Kiswahili hakina. Tena sisi tuna mazoea ya kutamka kila irabu kwa zamu yake: Huawei tunaipa silabi nne, Hu-a-we-i, wakati Mchina anaipa mbili, Hwa-wei. Na i inayofuata zh, ch, sh, r, z, c na s haisikiki kama i hata kidogo. "Shi" inasikika kama mtu anayenyamazisha watoto huku koo likivuma.

Jambo linalonigusa zaidi katika matamshi haya ni mpumuo. Msemaji wa Kiingereza akiona b na p za Pinyin anadhani tofauti yake ni ile ya b na p za kwao, yaani koo kutetemeka au kutotetemeka. Katika Kichina koo halitetemeki kwa zote mbili. Kinachozitenganisha ni pumzi inayotoka mdomoni. Ba, nane, haina pumzi. Pa, kuogopa, ina pumzi ya nguvu. D na t ni hivyohivyo, na g na k, na j na q, na zh na ch, na z na c.

Muulize mzee wa Mombasa au Lamu atakuelewa kabla hujamaliza. Kimvita na lahaja nyingine za pwani zina tofauti hiyo hiyo, ambayo tahajia yetu sanifu haikuiandika. Paa la nyumba halina pumzi, paa yule mnyama wa porini anayo. Kaa la moto halina, kaa wa baharini anayo. Tembo la mnazi halina, tembo mwenye mkonga anayo. Weka kiganja mbele ya mdomo umsikilize bibi wa Mji wa Kale akitaja mapaa yote mawili, utahisi upepo kwa moja na kwa lingine usihisi kitu. P isiyo na pumzi, ile ya paa la nyumba, ndiyo sauti ambayo Pinyin inaiandika b. P ya mnyama ndiyo p. Kwa hiyo mtoto wa Lamu anakuja darasa la Kichina na kitu ambacho mwanafunzi wa Manchester anapaswa kukijenga upya, na sijaona kitabu cha Kichina cha Waswahili kinachoanza na mapaa haya mawili. Vingi vinaanza na mifano ya Kiingereza iliyotafsiriwa.

Wade na Giles waliielewa tofauti hiyo vizuri. Waliandika p, t, k na ch kwa sauti zisizo na pumzi, kisha wakaweka alama ndogo ya kistari cha juu kwa zenye pumzi: p', t', k', ch'. Lakini wachapaji na wahariri wa Kiingereza waliona vistari hivyo ni uchafu, wakavifuta. Madhara yake tunayo hadi leo. T'ai chi, mazoezi yale ya taratibu yanayofanywa bustanini alfajiri, yalipopoteza kistari, watu wa Ulaya na Marekani wakaamini kwamba hiyo "chi" ndiyo "ch'i", ile nguvu ya uhai inayozungumzwa katika tiba ya Kichina. Vitabu vingi vya afya vikaeleza tai chi kama mazoezi ya nguvu hiyo kwa mujibu wa jina lake. Kwa Pinyin kosa linaonekana mara moja: mazoezi ni taiji, nguvu ni qi. Ji ya taiji ina maana ya upeo au kilele, na taiji ni "upeo mkuu", dhana ya falsafa. Neno limefasiriwa vibaya kwa miongo mingi kwa sababu mtu fulani kwenye chumba cha uchapaji alichoka kuweka kistari.

Kung fu nayo ni gongfu. Maana yake ni ustadi unaopatikana kwa muda na jasho, na mpishi au mtengenezaji wa chai anaweza kuwa nao bila kurusha teke hata moja.

Toni zinahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Kimandarini kina toni nne, pamoja na silabi nyepesi zisizo na toni yake. Mfano unaotajwa kila darasa ni ma: ya juu iliyonyooka ni mama, inayopanda ni katani, inayoshuka chini na kuinuka ni farasi, inayodondoka ni kutukana. Ni mfano mzuri kwa siku ya kwanza, lakini unawafanya watu waone toni kama mchezo. Mtu atasema, nani atamchanganya mama na farasi? Muktadha utamwokoa. Ndiyo, mara nyingi unaokoa.

Lakini chukua mai. Ikishuka na kuinuka ni kununua, ikidondoka ni kuuza. Ziweke pamoja, mǎimai, ni biashara. Au chukua namba. Nne ni sì, inadondoka. Kumi ni shí, inapanda. Arobaini ni sì shí, kumi na nne ni shí sì. Sasa nenda Guangzhou, kwenye mitaa ya Xiaobei ambako wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba huwakuta Waafrika wenzao kila kona. Kusini mwa China watu wengi hawatofautishi sh na s wanapozungumza Kimandarini, zote zinakuwa s. Kilichobaki kuitenga nne na kumi ni toni peke yake. Ndiyo maana kikokotoo hakikosi kwenye meza ya mwenye duka pale, na ndiyo maana nasema toni ni suala la fedha. Bei ya yuan 14 na ya yuan 40 hazina muktadha wa kukusaidia, hasa kwa bidhaa usiyoijua.

Shida ya Mwingereza na toni haitokani na kukosa sikio. Lugha yake inapandisha na kushusha sauti kila sentensi, ila kwa kazi tofauti: kuuliza, kushangaa, kusisitiza. Akitaka kuuliza kama kuna supu, tāng, anapandisha sauti mwishoni kama alivyozoea, na neno linageuka táng, sukari. Hapa Mswahili asijidanganye, kwa sababu sisi tuko vilevile. "Umekula" na "Umekula?" zinatofautiana kwa kiimbo tu. Kiswahili kilipoteza toni za ukoo wake wa Kibantu na kubaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo tunaubeba mpaka kwenye Kichina. Lakini wengi wetu hatuna Kiswahili peke yake. Mkikuyu, Mhaya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mjaluo wote wamenyonya toni kwa maziwa ya mama. Mkongomani anayesema Lingala anajua kwamba moto na motó, mtu na kichwa, vinatenganishwa na toni. Mwalimu anayewaambia wanafunzi hao kwamba toni ni kitu kigeni kabisa, kwa kuwa kitabu chake kiliandikwa kwa ajili ya Wamarekani, anawaibia mali yao.

Upande wa maana, Kiingereza kimetuachia hadithi nyingi zisizo na mguu. Iliyoenea kuliko zote ni ya neno weiji, janga. John Kennedy, akiwa seneta, aliwaambia wasikilizaji wake mwaka 1959 kwamba Wachina huliandika neno hilo kwa herufi mbili, moja ya hatari na nyingine ya fursa. Tangu hapo kila semina ya uongozi inalirudia, na wahamasishaji wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wamelipokea kama lilivyo. Victor Mair, mtaalamu wa Kichina wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, amelipinga kwa hoja nzito. Wei ni hatari, kweli. Ji ndani ya neno hilo ni wakati nyeti, mahali mambo yanapogeukia. Herufi hiyohiyo imo ndani ya neno la fursa, jihui, na imo pia ndani ya feiji, ndege ya abiria, bila kumaanisha fursa peke yake. Ni kama mgeni asome "mwanasiasa", akate neno vipande viwili, kisha awahutubie watu wa kwao kwamba kwa busara ya Waswahili wanasiasa ni watoto. Mchina akisikia weiji anasikia balaa, na angependa lipite.

Kisa kingine kiliumiza watu kweli. Agosti 2020, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Southern California alikuwa anafundisha jinsi watu wa lugha mbalimbali wanavyojaza ukimya wanapotafuta neno. Akatoa mfano wa Kichina, neige, yaani "kile" au "ile", ambalo Wachina hulirudiarudia katikati ya mazungumzo kama sisi tunavyosema "nanihii". Kwenye masikio ya baadhi ya wanafunzi Weusi lilisikika kama tusi baya kabisa la ubaguzi katika Kiingereza cha Marekani. Walilalamika, profesa akaondolewa kwenye somo hilo, na baadaye uchunguzi wa chuo ukaona hakuvunja kanuni. Sitawalaumu wanafunzi kwa kuumia, tusi lile lina damu ndani yake. Lakini neno la watu zaidi ya bilioni moja haliwezi kuhukumiwa kwa sauti yake katika lugha nyingine, na chuo kilikuwa na nafasi ya kulieleza hilo siku ya kwanza.

Wachina wenyewe wana kazi hiyohiyo wanapotuandika sisi. Kimandarini kina takriban silabi 400 ukiacha toni, na silabi huishia kwa irabu, n, ng' au r. Mb na nz za mwanzo wa silabi hazimo. Kwa hiyo Mombasa ni Mengbasa, Nairobi ni Neiluobi, Tanzania ni Tansangniya, Dar es Salaam ni Daleisi Salamu, na Mwalimu Nyerere ni Nilei'er. Kila silabi lazima ipewe herufi, na kila herufi ina maana yake: ni iliyomo katika Kenniya, Kenya, ni herufi ya mtawa wa kike wa Kibudha. Mchina akisoma jina la Kenya hamwoni mtawa. Anaona Kenya. Tulistahili kujifunza adabu hiyo kwao kabla ya kukata majina yao vipande kutafuta mafumbo. Kazi hii waliianza zamani: twiga aliyefikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415 kumbukumbu zao zinasema alitoka Malin, nasi tunaijua Malindi, na wao walimfananisha na qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao.

Taasisi ya kwanza ya Konfusio barani Afrika, kituo cha kufundisha Kichina, ilianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake. Idhaa ya Kiswahili ya redio ya China imekuwa hewani tangu 1961. Watu wanaojua lugha zote mbili bila kupitia Kiingereza wapo, na hawajaulizwa. BAKITA na BAKIZA, mabaraza ya Kiswahili ya Tanzania na Zanzibar, wanaweza kuwaketisha na kutoa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa vyumba vya habari na shule: kwamba x isomwe sh huku midomo ikitabasamu, q isomwe ch yenye pumzi, zh isomwe j ulimi ukikunjwa juu, c isomwe ts yenye pumzi, ian isomwe yen, ui isomwe wei, na ng ya mwisho isomwe ng' ya ng'ombe, ambayo Mswahili ameshaijua tangu utotoni.